Figo za Mgonjwa wa Moyo Zilindwe Tangu Kijijini

Yapo maneno yanayosemwa vibarazani, toka Mahurunga na Kitaya hadi Msimbati na visiwa vya Ghuba ya Mnazi, kwamba mtu akipelekwa Dar es Salaam kupigwa picha ya mishipa ya moyo hutiwa dawa inayoua figo. Maneno haya hayakuzuka hewani. Ndani yake mna punje ya ukweli, na punje hiyo imefunikwa na makapi mengi ya hofu. Tumeona vema leo tuyapepete hadharani, kwa kuwa mwananchi anayeikimbia picha hiyo kwa hofu aweza kufa kwa moyo, na mwananchi anayeiendea bila kuandaliwa aweza kurudi nyumbani moyo umetengemaa lakini figo zimedhoofika. Hasara zote mbili aghalabu huzuilika, na sehemu kubwa ya kinga yenyewe haidai mitambo mipya wala fedha za kigeni. Inadai maji, karatasi, na watumishi wanaosemezana.

Kwanza tutofautishe mambo, maana vibarazani yote huitwa "picha ya moyo". Kipimo kile ambacho mgonjwa hubandikwa nyaya kifuani na mashine ikachora mistari kwenye karatasi hakitumii dawa yoyote. Hali kadhalika kipimo cha mawimbi ya sauti, ambacho daktari hupitisha kifaa juu ya kifua kilichopakwa utelezi na kuutazama moyo ukidunda, hakina dawa wala mionzi, nacho kwa kawaida hakina uhusiano wowote na figo. Asiyetaka kwenda kwenye vipimo hivyo viwili kwa kuogopa figo anaogopa kivuli.

Kipimo tunachokisema ni cha tatu. Daktari huingiza mrija mwembamba katika mshipa wa mkono au wa paja, akausukuma hadi kwenye milango ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe, kisha akatia dawa ya kuangazia huku mtambo wa eksirei ukipiga picha. Damu haionekani katika eksirei. Dawa ile huonekana. Mshipa ukiwa umeziba au umebanwa, daktari huona pale dawa inapokwama au inapopenya kwa shida, na mara nyingi hapo hapo huweza kuuzibua kwa kipulizo na kuweka kichuma kidogo cha wavu ili usifunge tena. Kazi hii zamani iliwalazimu Watanzania wengi kupelekwa India. Sasa inafanyika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa na Serikali mwaka 2015 pale Muhimbili, katika jengo lililojengwa kwa msaada wa China. Hilo ni jambo la kujivunia, na hatuoni haya kujivuna. Lakini huduma ikishakuwa karibu, wajibu wa kumwandaa mgonjwa huwa wetu sote, si wa madaktari wa Bombay.

Dawa yenyewe inatokana na madini joto. Ndiyo, ni madini yale yale ambayo wachemshaji na waanikaji wetu wa chumvi wa Mtwara hutakiwa kuyachanganya katika chumvi ili watoto wasizaliwe na akili iliyodumaa na watu wazima wasiote tezi shingoni. Punje ya madini joto ni nzito, na uzito wake huizuia miale ya eksirei isipite. Ndiyo maana mshipa uliojaa dawa hiyo huonekana kama mto uliochorwa kwa wino. Tofauti ni kipimo na umbo. Katika chumvi hutiwa chembe kidogo mno, ilhali katika mishipa ya moyo mgonjwa hutiwa makumi ya mililita, na kazi ikiwa ngumu hata mamia, za maji mazito yaliyojaa madini hayo yakiwa yamefungamanishwa na kemikali nyingine. Na mlango mkubwa wa kuyatoa mwilini ni mmoja tu, nao ni figo.

Historia ya jambo hili inafaa kujulikana, kwa kuwa inaonyesha kwamba elimu ya tiba hupatikana kwa ujasiri, kwa bahati, na mara nyingine kwa kuoga baharini. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijipenyeza mwenyewe mrija katika mshipa wa mkono hadi moyoni, akatembea kwa miguu yake hadi kwenye chumba cha eksirei ili apigwe picha ya ushahidi. Wakubwa wake hawakumpigia makofi. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1956. Miaka miwili baadaye, mwaka 1958, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, daktari Mason Sones alikuwa akimpiga mgonjwa picha ya mshipa mkuu wa damu, mrija ukateleza na kuingia katika mshipa mdogo unaoulisha moyo, dawa ikamiminika humo. Alidhani mgonjwa atamfia mezani. Mgonjwa alikohoa, moyo ukarudi katika mapigo yake, na kutokana na ajali hiyo ulimwengu ukajua kuwa mishipa ya moyo inaweza kupigwa picha mmoja mmoja.

Lakini dawa za siku zile zilikuwa kali. Ukali wake, yaani nguvu ya kuyavuta maji kutoka katika chembechembe za mwili, ulikuwa mara tano hadi nane ya ule wa damu. Aliyepata kufikiri namna ya kuupunguza alikuwa Msweden, Torsten Almén. Inasimuliwa kwamba alikumbuka jinsi macho yalivyomwasha akiyafumbua chini ya maji ya pwani yenye chumvi nyingi, na jinsi yasivyomwasha katika maji ya Baltiki ambayo chumvi yake ni haba. Wasomaji wetu wa visiwani na wa mdomo wa Ruvuma hawahitaji maelezo zaidi. Mvuvi anayezamia Namponda na kijana anayeoga mtoni Mahurunga wanaijua tofauti hiyo kwa macho yao. Almén alijiuliza kama maumivu ya wagonjwa wakati wa kutiwa dawa hayakuwa na sababu ileile, akatafuta umbo la dawa lenye nguvu ndogo ya kuvuta maji. Wanorwe walizitengeneza dawa za namna hiyo. Ya kwanza ilitoka miaka ya 1970, na ile inayoitwa ayoheksoli ikafuata mapema katika miaka ya 1980. Dawa zinazotumika leo katika hospitali kubwa ni za ukoo huo, na zipo hata ambazo nguvu yake inalingana na ya damu. Kwa hiyo anayesimulia habari za dawa ya mwaka 1970 kana kwamba ndiyo anayotiwa mgonjwa wa leo anapotosha.

Hata hivyo hatari haikwisha, na hapa ndipo ilipo ile punje ya ukweli. Figo mbili za mtu mzima hupitisha karibu lita moja ya damu kila dakika. Licha ya wingi huo wa damu, sehemu ya ndani ya figo huishi kwa hewa haba, mithili ya shamba lililo mwisho wa mfereji. Dawa ya kuangazia huibana mishipa midogo ya sehemu hiyo, huyafanya maji yanayopita katika vijifereji vya figo kuwa mazito na kwenda polepole, tena huziumiza chembechembe zilizozunguka vijifereji hivyo. Mwili ukiwa na maji ya kutosha, dawa huchujwa ikiwa nyepesi na kutoka upesi. Mtu mwenye figo nzima huitoa karibu yote ndani ya siku moja. Mwili ukiwa mkavu, figo hujitahidi kubakiza maji, mkojo huzidi kuwa mzito, na dawa hukaa mahali pale pale ikiwa imekolea. Atakayeuelewa mwendo huu ameielewa nusu ya kinga yote.

Ukubwa wa hatari nao usemwe kwa tarakimu badala ya minong'ono. Huko Marekani zilitazamwa kumbukumbu za wagonjwa karibu milioni moja waliozibuliwa mishipa ya moyo kati ya mwaka 2009 na 2011. Waliopata madhara ya figo yanayopimika walikuwa karibu 7 katika kila 100, na waliofikia kuhitaji mashine ya kusafisha damu walikuwa kama 3 katika kila 1,000. Katika hao 7, wengi figo hurudi katika hali yake baada ya wiki moja au mbili. Tena si madhara yote yaletwayo na dawa: msukumo wa damu ukishuka sana, au vipande vya mafuta vikibanduka ukutani mwa mshipa mkubwa na kwenda kuziba mishipa ya figo, matokeo hufanana. Mtu ambaye figo zake ni nzima, hana kisukari, na moyo wake bado una nguvu, hatari yake ni ndogo. Hatari hujikusanya kwa mzee, kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, kwa mwenye shinikizo la damu lisilotibiwa, kwa mwenye moyo uliochoka, kwa aliyepungukiwa damu, na zaidi ya wote kwa yule ambaye figo zake zimekwisha dhoofika naye hana habari. Kwa bahati mbaya magonjwa haya hupenda kukaa nyumba moja, na mwenye kuhitaji picha ya moyo mara nyingi ndiye huyo huyo mwenye mawili au matatu kati yake.

Sasa tuitazame safari. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 560. Mgonjwa wa Mahurunga huanza kwa gari la kijijini au pikipiki. Wa visiwani huanza kwa chombo cha tanga au mashua, na wa Msanga Mkuu huvuka kwa kivuko. Kisha basi, Lindi, Nangurukuru, Daraja la Mkapa, na jua la mchana kutwa. Nani kati yetu hajui kwamba abiria wa safari hiyo hujinyima maji kusudi? Gari halisimami kila wakati watu wakachimbe dawa, na likisimama ni porini. Mama mtu mzima mwenye staha zake huona afadhali akauke koo kuliko kujidhalilisha mbele ya vijana. Hufika jioni au usiku, amechoka, hakula sawasawa, hakunywa. Asubuhi yake huambiwa "usile chochote", naye kwa unyenyekevu wake huongeza na maji. Saa nne au tano anapolazwa juu ya meza ya mtambo, mtu huyu ana karibu saa thelathini hajanywa maji ya maana, na ndipo anapotiwa dawa ambayo kinga yake kuu ni maji. Hakuna daktari aliyekusudia hivyo. Ni safari ndiyo iliyokusudia, pamoja na ukimya wetu.

Kinga yenyewe ni ya kawaida mno hata inadharauliwa. Mgonjwa ambaye figo zake ni dhaifu hutundikiwa dripu ya maji ya chumvi yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, robo tu hivi ya chumvi iliyomo katika maji ya bahari. Kipimo kilichozoeleka ni mililita moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila saa, kuanzia saa kadhaa kabla ya picha, hata saa 12, na kuendelea baada yake. Mtu wa kilo 60 hupata mililita 60 kwa saa, na katika saa 12 zote hajafikia lita moja. Mwenye moyo uliolegea hupewa nusu ya kipimo hicho, kwa uangalifu, maana maji yakizidi humjaa mapafuni. Mwaka 2014 wataalamu wa California walitangaza jaribio la wagonjwa 396, ambamo nusu moja walipewa maji kwa kufuata shinikizo lililopimwa ndani ya moyo wenyewe, na nusu nyingine kwa kipimo cha desturi. Madhara ya figo yalikuwa asilimia 6.7 kwa wale wa kwanza na asilimia 16.3 kwa wa pili. Maji yale yale, chumvi ile ile. Kilichotofautiana ni kupima.

Kinachotushangaza ni jinsi akili za watu, wasomi wakiwamo, zinavyokimbilia dawa ya ghali wakati maji yapo. Mwaka 1994 ilijaribiwa kuwapa wagonjwa wenye figo dhaifu maji ya chumvi pamoja na dawa za kukojoza, kwa fikra kwamba mkojo mwingi ni figo salama. Waliopewa maji peke yake walidhurika asilimia 11. Waliongezewa dawa ya kukojoza aina ya furosemaidi, asilimia 40. Ikafuata miaka ya dawa iitwayo asetilisisteini, ikasifiwa dunia nzima, hadi mwaka 2018 jaribio kubwa la wagonjwa wapatao elfu tano lilipoonyesha kwamba haizidi maji ya chumvi kwa lolote, wala magadi ya mshipani hayazidi. Na ili tusionekane tunaitetea dripu kama imani, tuseme pia kwamba mwaka 2017 Waholanzi walionyesha kuwa wagonjwa ambao figo zao zilipungua kiasi tu, wakiwa na maji mwilini, hawakupata faida ya ziada kwa kutundikiwa dripu. Hivyo dripu si ya kila mtu. Kutokuwa mkavu ndiko kwa kila mtu.

Kwa hiyo kwa mwananchi ambaye hana uvimbe wa miguu, hapumui kwa shida akilala, wala hajaambiwa na daktari apunguze maji, rai yetu ni kwamba anywe maji siku ya safari, barabarani, na usiku wa kuamkia kipimo, kisha aulize waziwazi: saa yangu ya mwisho ya kunywa maji ni ipi? Taratibu za hospitali nyingi duniani huruhusu maji matupu hadi saa mbili kabla. Jibu la hospital anayokwenda ndilo atakalolifuata. Yule mwenye uvimbe na pumzi fupi asijiongezee maji kwa kusoma gazeti, yeye hupimiwa. Madafu nayo tuyaseme, maana sisi watu wa pwani tukisikia "maji" mkono huenda mnazini. Madafu yana potasiamu nyingi, na figo dhaifu hushindwa kuitoa, nayo ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Mwenye figo nzima hana neno. Mwenye figo dhaifu ashike maji ya kawaida.

Watu wetu wengi ni Waislamu, na miadi ya hospitali haitazami mwezi mwandamo. Mgonjwa anayeitwa katikati ya Ramadhani huona haya kula mchana mbele ya wenzake, akapanda gari amefunga. Walimu wa madrasa na maimamu wa Mahurunga na visiwani wanajua, kuliko sisi, kwamba Sura ya Al-Baqara imemruhusu mgonjwa na msafiri kula na kuzilipa siku hizo baadaye. Mgonjwa huyu anazo ruhusa zote mbili kwa pamoja. Tunawaomba walitamke hilo mimbarini kwa jina lake, la picha ya moyo, kwa kuwa mgonjwa atakubali zaidi neno la imamu wake kuliko la muuguzi asiyemjua.

Lipo na jambo la vidonge vya maumivu. Mvuvi aliyekesha akivuta jarife na mwanamke aliyeinama msimu mzima akiokota korosho wote wana kiuno kinachouma, na katika duka la dawa muhimu la karibu wote hupewa diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizi hupunguza damu inayoingia katika figo. Mtu akizinywa mfululizo kisha akatiwa dawa ya kuangazia, figo hupigwa kutoka pande mbili. Ziachwe siku kadhaa kabla na baada ya kipimo, kwa kushauriana na mganga, na mwenye maumivu aombe panadoli. Lakini asitokee mtu akaacha asprini ndogo aliyopewa kwa ajili ya moyo, wala dawa zake za shinikizo la damu, kwa kudhani ndizo tulizozisema. Hizo haziachwi ila kwa amri ya daktari. Metfomini, dawa ya kisukari wanayoitumia wengi, haiumizi figo, ila figo zikilegea hujilimbikiza na kuitia damu uchachu, na kwa hiyo mwenye figo dhaifu huambiwa aisimamishe siku ya kipimo na kuirudia baada ya saa 48, figo zikishapimwa tena. Dawa za miti shamba nazo zitajwe mbele ya daktari bila kuona haya. Hatuwakejeli waganga wetu. Tunasema tu kwamba daktari hawezi kulijua lililomo kibuyuni asipoambiwa.

Kwa upande wa hospitali, daktari mwangalifu hutumia dawa kwa uchache. Ipo hesabu rahisi: mililita za dawa zisizidi mara tatu ya kiwango cha figo kuchuja. Mtu ambaye figo zake huchuja 90 ana nafasi pana, wakati mwenye 30 anafikia ukomo wake kwenye mililita 90 tu, na kwake yeye inafaa picha ipigwe leo na uzibuaji, kama unaweza kungoja, ufanywe siku nyingine figo zikishapumzika. Sharti moja tu halina budi kutangulia, nalo ni kiwango hicho kijulikane. Aliyepatwa na shambulio la moyo lenyewe, mshipa umeziba na msuli unakufa, hangojewi majibu ya maabara; huyo huzibuliwa kwanza na figo hutunzwa baadaye. Wengine wote, ambao ndio wengi wanaotoka kwetu kwa miadi, hakuna sababu ya kulazwa juu ya meza bila namba hiyo kujulikana.

Namba hiyo hutokana na kipimo cha kreatinini katika damu. Nayo haina dalili inayoonekana. Mtu hukojoa kama kawaida, hula kama kawaida, huku figo zake zikiwa nusu. Hapa ndipo tunapowageukia watendaji wa Serikali, kuanzia Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara hadi Mkoa. Tunazo Hospitali ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, ambayo ilianza kutoa huduma mwaka 2021. Hakuna haja ya kreatinini ya mtu wa Mahurunga kupimwa kwa mara ya kwanza Dar es Salaam asubuhi ya kipimo. Ipimwe huku, wiki moja au mbili kabla, ili anayekutwa na figo dhaifu aitwe mapema, alazwe siku moja kabla, na atundikiwe dripu yake. Barua ya rufaa iandikwe kwa ukamilifu: uzito, kreatinini na tarehe yake, kisukari kipo au hakipo, dawa zote anazokunywa, za dukani zikiwamo, na kama amepata kutiwa dawa ya kuangazia karibuni. Barua yenye maneno "mgonjwa wa moyo, tafadhali mpokee" si barua. Ni karatasi ya nauli.

Na ofisi zinazopanga miadi huko mjini zitazame mgonjwa anatoka wapi. Mtu wa Kinondoni na mtu wa kisiwa cha Mongo hawawezi kuitwa saa moja ile ile ya asubuhi kana kwamba wamelala mtaa mmoja. Mmoja amepata usingizi na maji. Mwingine ameshuka kwenye basi. Siku moja tu ya nafasi kati ya kushuka na kulala mezani ingefanya kazi kubwa kuliko chupa nyingi za dawa.

Wenye umri wetu walikuzwa na wazazi waliokaa kuizunguka redio mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakajifunza kuchemsha maji na kuchimba vyoo. Watu kiasi cha milioni mbili walijiunga na vikundi vile. Hawakuwa na simu wala barabara za lami, na bado habari iliyotoka Dar es Salaam ilifika kibarazani ikiwa sahihi. Leo tuna wahudumu wa afya ya jamii waliowekwa katika mpango uliozinduliwa mwaka 2024, tuna mabalozi wa mashina, tuna simu mikononi mwa wavuvi walio katikati ya maji. Na bado kilichotangulia kufika ni uvumi kwamba picha ya moyo huua figo. Chama na Serikali za vijiji vinalo la kujibu hapo. Mhudumu wa afya ya jamii akipewa orodha ya wanaoitwa Dar es Salaam kwa ajili ya moyo, anaweza kuwapitia nyumbani siku tatu kabla, akautazama mfuko wa dawa, akauliza juu ya maji na juu ya miguu iliyovimba, akaona kama barua imekamilika. Ni kazi ya alasiri moja.

Limebaki la siku ya tatu, nalo ndilo linaloachwa mara nyingi. Madhara ya figo yakitokea, kreatinini huanza kupanda ndani ya siku moja au mbili. Kanuni za kimataifa za mwaka 2012 zinahesabu kuwa figo zimeumia kreatinini ikipanda kwa mikromoli 26.5 kwa lita katika saa 48, au ikifikia mara moja na nusu ya ilivyokuwa katika siku 7. Lakini mgonjwa aliyepitishiwa mrija mkononi huruhusiwa hata kesho yake, naye ana hamu ya kwao, na nauli ya kukaa mjini imekwisha. Siku ya tatu inamkuta Lindi au Mtwara, au amekwama njiani kama walivyokwama wasafiri Mei 2024, barabara ilipokatika huko Somanga kwa mvua za kimbunga Hidaya. Hakuna anayempima. Kama figo zimelegea, ataendelea na vidonge vyake vya zamani kwa vipimo vya zamani, akaongeza diklofenaki kwa uchovu wa safari, na itagundulika baada ya miezi, uso umevimba.

Kwa hiyo mgonjwa mwenye figo dhaifu asiruhusiwe kutoka bila karatasi inayosema siku gani apimwe, wapi, na majibu yapelekwe kwa nani. Kwa watu wa Mahurunga, Kitaya, Msimbati na visiwani, mahali hapo pawe Mtwara mjini, Ligula au Mitengo, ashukapo kwenye basi na kabla hajapanda gari la kijijini wala kuvuka kivuko. Damu itolewe asubuhi hiyo, na majibu yapigiwe simu kwenye zahanati yake na kwa daktari aliyempiga picha. Mganga Mkuu wa Mkoa anaweza kulitolea agizo jambo hili kwa waraka wa ukurasa mmoja.